Dodoso la Edinburgh au WHOQOL-BREF kwa mama aliyejifungua?

Dodoso la Edinburgh la kuchunguza sonona baada ya kujifungua, la mwaka 1987, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Mama hulimaliza upesi, hata akiwa ananyonyesha kwenye benchi la kliniki. Swali la 10 huuliza kama wazo la kujidhuru limemjia; akikubali, asiachwe hadi kesho, hata jumla ya alama ikiwa ndogo. Ila linapima dalili za sonona, si maisha yake yote. WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani, ya kupima ubora wa maisha kwa maswali 26 kuhusu wiki 2 zilizopita, inagusa maumivu, pesa, hata msaada wa marafiki. Haimuulizi kuhusu mshono wala matiti yaliyojaa, na hilo linaniuma. Mimi ningeanza na la Edinburgh.