Salik ya bei mbili: uzoefu wangu kati ya Sharjah na Al Quoz

Naishi Sharjah kwa sababu ya kodi za nyumba, lakini karakana ninayofanyia kazi iko Al Quoz, Dubai. Njia ninayopita ina mageti matatu ya Salik, mfumo wa tozo za barabara wa Dubai: Al Mamzar, daraja la Garhoud, kisha Al Safa. Zamani kila geti lilikata dirham 4 saa yoyote. Tangu 31 Januari 2025 bei inafuata saa. Saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, ni dirham 6. Saa nyingine ni 4, na kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 alfajiri unapita bure.

Kwa upande wa kulipa, sina neno. Stika iko kwenye kioo cha mbele, inasomwa gari likiwa mwendoni, na programu kwenye simu inaonyesha geti ulilopita na kiasi kilichokatwa. Al Mamzar yapo mageti mawili, na Al Safa vilevile. Ukiyapita yote mawili ya sehemu moja ukielekea upande mmoja ndani ya saa moja, unakatwa mara moja tu.

Waliozoea Expressway ya Nairobi wajue hesabu ni tofauti. Kule unalipia umbali: gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ni shilingi 500 tangu 2024, iwe jioni ya foleni au usiku wa manane. Huku geti linaangalia saa na siku tu.

Je, bei hii ya saa imenibadilisha? Kwa safari za kazi, hata kidogo. Zamu inaanza saa 2 asubuhi, kwa hiyo nakatwa 18 kwenda na 18 kurudi. Hiyo ni dirham 12 zaidi ya zamani kila siku, na aliyepanga zamu halipi hata moja. Ukitaka watu wahame saa za foleni, mbane na mwajiri. Njia mbadala, barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed, haina Salik, ila asubuhi foleni yake inakula muda na petroli.

Kilichobadilika ni matembezi. Kwa binamu yangu Al Barsha tulikuwa tukienda Jumamosi jioni. Sasa ni Jumapili, siku ambayo bei ni 4 kutwa nzima isipokuwa sikukuu. Tukiitwa siku nyingine, mke wangu haruhusu gari liwashwe mpaka saa 2 usiku ipite.

Angalieni pia Ramadhani, maana ratiba hugeuka. Mwaka 2025 bei ya 6 ilianza saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Asubuhi nilipita kwa 4, nikafurahi, lakini kwa kuwa mwezi huo tunatoka kazini mapema, kurudi ilinikuta ile ya 6.