Taya limepona, lakini yule mpokezi bado ananikereketa

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kurekebisha mataya, yote mawili, katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Kwa daktari sina neno. Alikata mifupa, akaisogeza, akaifunga kwa vibamba na skrubu za titani, na usoni huoni kovu kwa sababu kazi yote ilipitia ndani ya mdomo. Bima walikataa kulipa wakidai ni urembo. Hayo tuyaache, nitapandwa na presha.

Nataka kuzungumzia siku niliyorudi kliniki. Meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa raba, mashavu yamefura kama maandazi, mfukoni nina mkasi mdogo wa kukatia raba nikitapika. Chakula ni uji na supu ya kuku iliyochujwa, kwa sirinji. Nafika dirishani namkabidhi mpokezi kadi yangu. Haiangalii. "Jina?" Naguna. "Nimekuuliza jina, kwani huna mdomo?" Foleni nzima ikacheka. Nikamwonyesha simu, nimeandika kila kitu, naye akaisukuma kando kwa ncha ya kalamu. Halafu: "Jipanguse basi, unachafua kaunta."

Mate yalikuwa yananitoka na mimi sina habari. Mshipa wa hisia wa mdomo wa chini unapita ndani ya mfupa uleule uliokatwa, kwa hiyo ganzi hukaa miezi, na kwa wengine haiishi kabisa. Hii ni kliniki ya mataya! Walitarajia wagonjwa gani, watangazaji wa mpira? Aliyenitetea ni shosho mmoja nyuma yangu: "We msichana, huoni mtoto wa watu amefungwa kinywa?"

Kule ndani nikapewa dodoso la hali ya maisha, maswali 22. Unaona haya kula mbele za watu? Unafunika mdomo ukikutana na mtu mara ya kwanza? Maswali mazuri, na majibu yangu siku hizi ni mazuri pia. Zamani meno yangu ya mbele hayakukutana, chapati naichana kwa vidole kama mtoto. Sasa nang'ata mahindi choma pale stejini bila kugeukia ukutani, na picha napiga za upande. Lakini dodoso halina hata swali moja kuhusu mpokezi, na lingekuwapo, siku ile ningempa sifuri.

Kwa hiyo msiende pale. Ama nendeni, daktari ni fundi kweli, ila mbebe mtu wa kuwasemea. Juzi binamu yangu, mwenye taya la ukoo kama langu, aliniuliza aende wapi, nami nikamtajia palepale bila kusita. Nikikata simu nikajikasirikia. Nimemwahidi nitamsindikiza, na safari hii nina mdomo wa kuongea.