Mashine ya kukunjia uzi na mizani ya jikoni: kipi kimenisaidia kumaliza viporo vya kufuma

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Mashine ya kukunjia uzi, ile ya plastiki yenye mkono wa kuzungusha, niliagiza Kariakoo kwa shilingi 35,000. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, duka hilohilo, 18,000. Vyote vilipanda basi hadi Njombe, nauli ya mzigo nikalipa nilipopokea. Ni vitu vya Kichina visivyo na jina la kueleweka. Kama una fedha ya kununua kimoja tu, nunua mizani. Mashine nayo nitaitendea haki, lakini jibu langu ndilo hilo.

Mimi ni mkunga mstaafu. Mji wetu Juni na Julai haulaliki kwa blanketi moja, na sweta huku si pambo. Kufuma nilijifunza nikiwa binti, kwa spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Sindano za dukani nilizijua baadaye. Miaka yote ya kazi, kila nilipoona uzi mzuri nilinunua bonge moja au mawili bila kujua nitafumia nini. Mifuko ya salfeti ikajaa chini ya kitanda. Na juu ya uzi huo kukawa na viporo, kama vya Ligi Kuu: sweta la kijivu la mzee wangu lenye mwili bila mikono, kizibao cha mtoto ambaye sasa ana ndevu, soksi isiyo na mwenzake, blanketi la viraka lililoishia viraka.

Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, uzi huu ungeuuza." Nikamwambia uzi hauuzwi, unafumwa. Basi nikaamua kuufuma.

Mashine kwanza. Unaibana kwenye ukingo wa meza kwa skrubu. Uzi unapita kwenye kitundu cha waya, ncha yake unaichomeka kwenye mpasuko ulio juu ya mhimili, kisha unazungusha mkono taratibu. Mhimili umeinama kidogo, kwa hiyo uzi unajipanga kwa kupishana, na mwisho unachomoa bonge lililo bapa juu na chini, linalokaa mezani bila kubiringika. Ncha ya ndani inabaki katikati. Unafuma ukiuvuta kutoka humo. Kwa mwenye paka ndani ya nyumba, hilo peke yake lina thamani.

Kasoro zake zipo. Kibano chake ni kifupi, na meza yetu ya mninga ni nene, hakikuingia kabisa. Ikabidi nihamie kwenye kimeza cha wajukuu cha kufanyia hesabu. Gia ni za plastiki na zina kelele, mzee akiwa anasikiliza taarifa ya habari huwezi kuigusa. Boksi linasema gramu 100, na kweli mwisho wake ni hapo. Ukizidisha, uzi unamwagika ukingoni, unajisokota chini ya mhimili, na kuutoa humo utahitaji mkasi. Tena ukizungusha kwa pupa uzi unakazwa mno. Uzi wa sufu uliokunjwa ukiwa umevutwa hivyo unafumwa ukiwa umenyooshwa, halafu sweta likioshwa unarudi kwenye urefu wake, nawe unashangaa sweta limekuwa fupi. Dawa yake ni kukunja mara ya pili, polepole.

Jambo ambalo muuzaji hakulisema: mashine haifumbui uzi uliotatizana. Inataka uzi uje umetandazwa vizuri. Kuna chombo cha kutandazia kinachofunguka kama mwavuli, kinauzwa peke yake na bei yake inazidi ya mashine. Sikukinunua. Viti viwili vikipeana migongo vinafanya kazi ileile, au mikono ya mtoto aliyeahidiwa andazi.

Mashine ilijilipia kwenye kufumua. Kile kizibao nilikifumua chote, maana mwenyewe hakitamtosha tena milele. Uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi, na ukiufuma hivyohivyo kazi inakuwa na vinundu. Unauzungushia kwenye migongo ya viti, unaufunga sehemu nne usitatizane, unauloweka maji ya uvuguvugu, kisha unauanika na kitu chepesi kimening'inia chini yake. Mimi hutundika kikombe cha plastiki chenye maji kidogo. Ukikauka umenyooka. Hapo ndipo unaupeleka kwenye mashine, na unatoka na bonge ambalo ukiliweka dukani watu watauliza bei.

Sasa mizani, na hapa nitakaa zaidi.

Kwa nini viporo vinakuwa viporo? Watu husema uvivu. Kwangu mimi, mara nyingi ni hofu ya uzi kuisha. Unafika kwapani, unatazama bonge lililobaki, unalikadiria kwa mkono, moyo unasita, unaiweka kazi yote ndani ya mfuko "mpaka nipate uzi mwingine wa rangi hii." Rangi hiyo haipatikani. Hata ukiipata, kila mkupuo wa rangi kiwandani una namba yake kwenye karatasi ya bonge, na kijivu cha namba moja si kijivu cha namba nyingine. Juani utaona mstari ulipobadilika.

Mizani inaondoa hofu hiyo kwa hesabu ya darasa la nne. Unapima bonge. Unafuma mistari kumi. Unapima tena. Sweta la mzee ni uzi wa akriliki, ule wa kiwandani usio sufu wala pamba, wa unene wa kati uitwao DK, sindano za milimita 4, vitanzi 100 kwa mstari. Mstari mmoja haufiki gramu moja, ndiyo maana unapima mistari kumi kwa pamoja: ilikula gramu 6. Kwa hiyo bonge la gramu 45 lina mistari 75, na kwa ufumaji wangu wa mistari 30 kwa sentimita 10, hizo ni sentimita 25. Mikono ina vitanzi pungufu, kwa hiyo inakwenda mbali zaidi. Nikajua kabla ya kuanza kwamba kijivu kitatosha hadi kiwiko tu, si hadi kifundo. Nikapanga mistari ya samawati mapema, mikono yote miwili, kana kwamba ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo.

Na hapa vyombo viwili vilishirikiana vizuri: niliweka bonge kwenye mizani, nikavuta uzi wake kwenda kwenye mashine, nikazungusha hadi mizani iliposoma nusu, nikakata. Mabonge mawili sawa, mkono mmoja bonge moja. Nikafuma mikono yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja ndefu, rangi ikabadilika mahali palepale. Kama una mabonge ya namba tofauti za rangi, fuma mistari miwili ya bonge hili, miwili ya lile, uendelee hivyo; tofauti inapotea machoni.

Usisahau uzi wa kufungia vitanzi mwishoni. Bakiza urefu wa mara tatu hadi nne ya upana wa kazi. Hapo ndipo wengi hulia.

Mizani ina mpaka wake: inakupa uzito, haikupi urefu. Gramu 100 za DK ya akriliki huwa karibu mita 300, lakini pamba ya unene uleule ni nzito, mara nyingi utapata mita 200 hadi 260. Kwa hiyo unapobadilisha uzi wa maelekezo kwa uzi wa akiba yako, tazama mita, si gramu. Karatasi zikiwa zimepotea, kama zangu, kata kipande kifupi ukichome kwa kibiriti juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba huungua kama karatasi. Niligawa mifuko yangu hivyo, na nikagundua nondo walikuwa wameshagawa kabla yangu: sufu ilikuwa na matundu, akriliki hawakuigusa hata kidogo. Ya sufu iliyobaki nimeifunga kwenye plastiki nikailaza friza ya jirani anayeuza barafu.

Jambo jingine, kwa mnaofuata maelekezo ya mtandaoni. Sindano nyingi za zamani huku kwetu zina namba za Kiingereza, na namba 8 yao ni milimita 4. Namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5. Usipoangalia, utafuma sweta la mume wa mtu mwingine.

Mabaki madogo ndiyo yaliyonifurahisha kuliko yote, yale ya gramu 15 au 20 ambayo zamani ningeyasokomeza kwenye mto. Kofia ya mtoto njiti inataka kiasi hichohicho. Nimefanya kazi wodi ya wazazi, najua kofia ile inafanya nini. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Njia ya kangaruu, ya kumweka mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez, hospitali ikiwa na upungufu wa mashine za joto. Mtoto hukaa pale na nepi, soksi na kofia, basi. Napima mabaki, ya gramu 15 kwenda juu nayaweka kapu la kofia, chini ya hapo kapu la mistari ya viraka. Ukitaka kufuma za kupeleka hospitali, uliza wodi kwanza wanataka vipimo gani. Chagua akriliki laini au pamba, zinazovumilia kufuliwa mara kwa mara. Sufu ya kawaida itajikunja na kuwa ngumu. Usiweke kishungi wala kifungo, na ndani pasiwe na nyuzi zinazoning'inia ambazo kidole kidogo kitanasa.

Kuhusu mizani yenyewe: yangu inasoma gramu moja moja hadi kilo 5. Zipo ndogo za masonara zinazosoma sehemu ya kumi ya gramu, lakini sahani yake ni ndogo, bonge linafunika namba na huoni kitu. Kwa sweta, gramu moja inatosha. Inajizima yenyewe ukichelewa, jambo linaloudhi unapokunja huku unapima, kwa hiyo kila mara gusa bonge kidogo iamke. Bakuli la plastiki liweke juu kwanza, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ndipo uweke uzi. Na siku za kawaida inapima unga wa maandazi, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza umeinunulia nini.

Mizani naipa nyota tano. Mashine tatu, na nusu nyingine nitaiongeza siku mtakaponionyesha yenye kibano cha kuingia kwenye meza ya mninga. Mwenye viporo viwili vitatu asiinunue, akunje kwa mkono akipiga soga. Mwenye mifuko ya salfeti chini ya kitanda ainunue, ila aijaribu pale pale dukani: azungushe mkono mara kadhaa, na mhimili ukiyumba airudishe kabla haijapanda basi. Betri zilizokuja na mizani zilikuwa zimeshachoka. Ni zile ndogo za AAA, mbili, weka za akiba.