Rufus: kabla hujaambiwa diski imekufa, pima flashi

Rufus ni programu ndogo ya bure ya kutengenezea flashi ya kupigia Windows. Ina MB 2 hivi, haihitaji kusakinishwa, unabofya inafunguka. Aliyeitengeneza ni Pete Batard, na ipo tangu 2011. Wengi tunaijua kwa kazi hiyo moja. Mimi naisifia zaidi kwa kisanduku kilichojificha kwenye mipangilio ya ziada, ambacho sijaona fundi akikigusa.

Kompyuta iliyonifundisha hilo ni ya dada yangu, Tegeta: ya mezani, mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha tatu. Ilikuwa nzito, akaita fundi aipige Windows upya. Ikawa inanakili mafaili, inafika katikati inagoma na kosa 0x80070570. Fundi akarudia, ikagoma tena, safari hii mahali pengine. Akamwambia, "Dada, diski imekufa hii, tafuta SSD." Na diski hiyo imegawanywa mara mbili: C ya Windows, na D yenye picha zake zote za harusi na mahesabu ya duka. Alinipigia simu sauti ikitetemeka.

Kosa lile linakuambia tu kwamba mafaili ya Windows yana hitilafu au hayapo. Halisemi yameharibikia wapi. Huenda ni diski, huenda ni RAM, faili la ISO (lile lenye Windows nzima ya kusakinisha) lililopakuliwa vibaya, au flashi yenyewe. Kumhukumia mtu diski bila kupima hata kimoja kati ya hivyo ni kumwonea. Niliichomoa diski, nikaichomeka kwenye laptopu yangu kwa waya wa SATA kwenda USB. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikasema afya nzuri, na D ikafunguka yote. Nikahamisha picha kwanza, mengine baadaye.

Ikabaki flashi aliyotumia fundi, iliyoandikwa GB 64 ubavuni. Kile kisanduku cha Rufus ni cha kukagua sehemu mbovu: inaijaza flashi data mwanzo hadi mwisho, kisha inaisoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Flashi feki hunaswa hapo, kwa sababu hujitangaza kubwa kuliko chipu iliyomo ndani. Ukishavuka ujazo wake wa kweli, data inapotea au inaandikwa juu ya nyingine. Nililala nikiiacha inakagua. Asubuhi ripoti ilikuwa makosa matupu. Flashi nyingine ya GB 16 ikapita safi.

Nilipoanza upya, Windows ikaleta jipya: haiwezi kukaa kwenye diski hii kwa sababu imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na kompyuta ikiwaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwaka) inataka mtindo mpya wa GPT. Ushauri utakaoukuta kila mahali ni kufungua diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri, na kuandika clean. Tafadhali, usifanye hivyo kama una vitu kwenye D. Amri hiyo inafuta migawanyo yote ya diski, siyo C peke yake. Kwenye Rufus nilibadilisha chaguo moja tu, kutoka GPT kwenda MBR, ikajiweka yenyewe kwenye BIOS, yaani njia ya zamani ya kuwaka, nikatengeneza flashi upya na kuiwasha kompyuta kwa njia hiyo. C ikaformatiwa, D haikuguswa.

Ina mapungufu. Ukaguzi ni wa polepole mno kwa flashi kubwa. Inafanya kazi ndani ya Windows tu, kwa hiyo kompyuta yako ikiwa moja na ndiyo imelala, utaazima ya jirani. Na chochote kilichomo kwenye flashi kinafutwa, ingawa inaonya kwanza.

Inaweza pia kuondoa masharti ya Windows 11, kama TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa mashine kuukuu kama hii. Nilikataa. Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta isiyotimiza masharti, na dada anafanyia mambo ya benki humo. Tumebaki Windows 10. Usaidizi wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, hivyo nimemwandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama tukijipanga kununua nyingine.

Naipa nyota nne na nusu. Ipakueni kutoka rufus.ie peke yake. Zipo tovuti zinazojifanya ndiyo yenyewe.