Sufuria ya presha ya lita 22: mwaka mmoja na chupa zangu za mtama

Mwaka jana mwezi wa sita nilishuka Kariakoo na laki tatu, nikarudi Njombe na sufuria ya presha ya aluminiamu, lita 22, nimeizungushia kanga mbili isigongwe kwenye buti la basi. Kijana wa dukani alinitoa wasiwasi: "Mama, chukua kwa amani, wenye hoteli wanachemshia makongoro." Nikamwambia mimi nakwenda kuchemshia chupa za mtama, za mbegu za uyoga. Akaniuliza kama hazitapasuka. Mwaka umeisha na imepasuka moja tu, niliyoipata kwa muuza chipsi ikiwa tayari na ufa kitakoni.

Naandika kwa wenzangu tunaolima uyoga wa mamama, hasa waliochoka kununua mbegu, yaani chupa za mtama ulioota utando wa uyoga, zinazofika zimeharibika. Sitapima kama sufuria hii inaivisha nyama haraka, hilo waseme wenye hoteli. Ninachopima ni chupa ya mtama: inaingia ikiwa na unyevu gani, na inatoka ikiwa na unyevu gani.

Kabla ya hapo nilikuwa naagiza mbegu kutoka mbali. Muuzaji simtaji, na siamini alikuwa na nia mbaya. Safari ya mwisho zilikuja chupa ishirini kwenye boksi, zimesafiri usiku kucha. Nilipofungua nikaona zimetoka jasho, nikadhani ni baridi yetu ya Njombe, nikachukua kitambaa nifute. Jasho lilikuwa ndani. Nikainua chupa moja nikaielekeza dirishani. Kitakoni kulikuwa na maji ya kina cha kidole kilicholala, meupe kama maji ya kuoshea mchele, na punje zilizozama humo zilikuwa zimevimba na kupasuka, zinang'aa kama zimepakwa ute. Juu, utando mweupe ulikuwa umeshuka vizuri hadi katikati ya chupa, halafu ukasimama mstari mmoja kama uliokatwa kwa kisu. Chini ya mstari ule haukugusa punje hata moja. Nilipolegeza mfuniko, harufu ikanipiga: ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliolala siku tatu.

Nane kati ya ishirini zilikuwa hivyo. Sita nilizipanda, maana pesa ilikuwa imeshatoka, na mifuko yote niliyoipandia ikaota ukungu wa kijani kabla ya wiki mbili kwisha. Niliibeba mwenyewe kwenda kuifukia mbali na banda. Iliniuma sana, kwa sababu ndani ya mifuko ile kulikuwa na mabua niliyoyakatakata kwa mkono.

Kwa asiyejua kwa nini maji yanaua mbegu: utando wa uyoga unahitaji hewa katikati ya punje na punje. Maji yakijaza nafasi hiyo, utando unakosa pumzi na bakteria wanapata nyumba. Wabaya zaidi ni wa jamii ya Bacillus. Hao wakikutana na shida hujifunga ndani ya gamba gumu ambalo maji yanayochemka hayalivunji. Unaweza kuchochea moto chini ya pipa la kuchemshia kutwa nzima na bado wakabaki wengine wamelala, wakisubiri chupa ipoe. Na sisi wa nyanda za juu tuna shida ya ziada, maana huku maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95.

Hapo ndipo sufuria ya presha inapostahili bei yake. Geji yangu, yaani kipimo cha presha, ikisimama kwenye paundi 15, mtu wa Dar es Salaam mwenye geji kama hiyo anapata nyuzi 121. Mimi napata kama 117, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo pale wanaposema dakika 90 kwa chupa za lita moja, mimi naacha saa mbili kamili, nikihesabu tangu geji ifike pale na si tangu niwashe gesi. Zinaingia chupa saba za lita moja, zimesimama juu ya wavu wa chuma ili zisikae kwenye maji. Chini naweka lita tatu za maji. Mvuke ukianza kutoka nauacha upulize dakika kumi kwanza ndipo navalisha filimbi, kile kizibo cha tundu la mvuke, hewa yote ya ndani itoke, maana hewa ikibaki geji inasoma vizuri na joto halifiki.

Kwa kazi hiyo sina lawama. Moto mdogo wa gesi unatosha kuishikilia, na chupa zinatoka safi.

Lakini sufuria haikaushi mtama. Hili naliweka wazi, kwa sababu mimi mwenyewe niliinunua nikiamini itanimalizia habari ya maji. Mara ya kwanza niliuchemsha mtama hadi ukalainika kama wa kula, nikauchuja dakika tano, nikajaza chupa, nikazifungia. Asubuhi chupa zote saba zilikuwa na maji kitakoni. Vijidudu vilikuwa vimekufa, sawa, ila maji yalikuwa yale yale niliyoyatia kwa mikono yangu. Kinachoingia na maji kinatoka na maji.

Sasa nafanya hivi. Mtama wetu sokoni unatoka Dodoma na Singida. Nachukua mweupe, naupepeta sana, kwa sababu punje zilizovunjika ndizo za kwanza kutoa uji. Naulowanisha jioni hadi kesho yake mchana. Kulowanisha kunaingiza maji hadi kwenye kiini taratibu, na wale bakteria waliojifungia wanaamka na kuvua gamba, kwa hiyo moto unawakuta wazi. Nauosha mpaka maji yawe maangavu, ndipo nauchemsha dakika kumi na mbili, nikiuchungulia. Natoa punje moja na kuikata kwa ukucha. Ikiwa katikati bado kuna unga mkavu, naongeza dakika mbili. Nikiona ganda limepasuka kwenye punje nyingi, nimechelewa, na mtama huo unakwenda kwa kuku.

Kisha kuanika, na hapa ndipo nimetumia mwaka mzima kujifunza. Namwaga mtama ukiwa unafuka moshi juu ya wavu mwembamba niliouwamba kwenye fremu ya mbao, unene usiozidi vidole viwili. Ule umoto wake wenyewe ndio unaoufukuza unyevu wa juu. Ukiuacha upoe ndani ya sufuria, maji yanabaki yamekumbatia punje na hayaondoki tena kirahisi. Kila baada ya dakika kumi nageuza kwa mkono. Dakika ishirini za mwanzo mtama unanata kiganjani, unang'aa, ukiukamata unabaki donge. Baadaye mng'ao unapotea, rangi inafifia kama ya shanga zilizovaliwa sana, na ukiuachia unamwagika punje moja moja kwa mlio mkavu. Mlio huo ndio ninaousubiri. Kisha nachukua karatasi ya daftari, naweka konzi moja juu yake, nakandamiza na kuhesabu hadi thelathini. Karatasi ikibaki kavu, tayari. Ikipata madoa, narudisha kwenye wavu. Siku za jua inanichukua saa moja. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umetanda tangu alfajiri, hufika saa tatu.

Na nina mizani ya jikoni. Kilo moja ya mtama, iliyopimwa ikiwa kavu kabla ya kulowanishwa, ikifika kuwekwa kwenye chupa inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo moja na robo tatu. Hapo karibu nusu ya uzito ni maji, na yote yako ndani ya punje. Nikikuta imefika kilo mbili, sihitaji hata ile karatasi, najua kuna maji yasiyo na kazi. Tangu nianze kupima sijarudia kosa la mara ya kwanza. Mwisho nachanganya jasi, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, ili punje zisishikane. Najaza theluthi mbili ya chupa nipate nafasi ya kutikisa.

Mfuniko nao una habari yake. Nilianza kuziba tundu la hewa kwa pamba ya dukani, ikawa inafyonza mvuke kama sponji na kulowa hadi ndani, na pamba iliyolowa ni mlango wa ukungu. Nikajaribu sufi ya mto wa zamani wa marehemu mama. Sufi haipendi maji, matone yanateleza juu yake. Naikaza vizuri, kisha nafunika kichwa chote cha chupa kwa karatasi ya foili, maana matone yanayotoka kwenye mfuniko wa sufuria wakati wa kupoa huangukia pale pale penye tundu.

Kupoa ndiko kunakoonyesha udhaifu wa sufuria hii. Bati lake ni jembamba, na kwa baridi yetu linapoteza joto haraka mno. Chupa zikipoa ghafla, mvuke uliomo unagandia kwenye kioo na kushuka kama machozi hadi kitakoni. Dawa niliyoipata ni blanketi: nikishazima gesi kabisa naivisha sufuria blanketi zito na kuiacha hadi asubuhi. Usijaribu kuinua filimbi ili presha ishuke upesi. Nilifanya hivyo siku moja nilipokuwa na safari ya msibani, na chupa zote saba zikachemka upya kwa ndani, mtama ukapanda hadi kwenye sufi, kila kitu kikalowa. Asubuhi, zikiwa bado vuguvugu, nazitoa na kuzitikisa moja moja ili unyevu wa kwenye kioo urudi kwenye punje.

Vitone vichache vya jasho kwenye kioo visikutishe. Ukiona maji kidogo yamekaa chini na hujapanda bado mbegu mama, ule utando wa kuanzia, ilaze chupa au igeuze kichwa chini siku moja au mbili, ukiitikisa asubuhi na jioni. Mara nyingi punje zinayanywa. Yasipokwisha, fungua, anika upya, chemsha upya. Ni kazi, ila ni nafuu kuliko kupoteza mbegu mama. Baada ya hapo naziacha siku saba bila kupanda. Yenye hila hujionyesha ndani ya siku hizo, kwa ute au kwa harufu. Chupa iliyoshapandwa ikanuka uchachu haina dawa, na usiifungulie ndani ya chumba cha mbegu.

Jambo jingine nililoligundua kwa kutazama tu: chupa zangu za rafu ya chini zilikuwa zinatoka jasho upande mmoja, sikuzote upande unaoelekea ukuta wa saruji. Usiku ukuta unapoa, kioo kinaufuata. Nilizisogeza katikati ya chumba, ndani ya sanduku la mbao lenye maranda, jasho likakoma.

Tangu mwezi wa nane nimechemsha mizunguko kumi na moja, chupa sabini na saba, na nimetupa tano. Kwangu hilo ni badiliko kubwa, kwa sababu nimelipa ada ya kijana wangu ya muhula wa pili kwa uyoga peke yake.

Kasoro zake nyingine: vishikio ni vifupi, vinaunguza, shika kwa kitambaa kinene. Geji hairudi sifuri kabisa hata sufuria ikiwa baridi, kwa hiyo usiiamini peke yake, inua filimbi kidogo kabla ya kufungua uhakikishe mvuke umekwisha. Na mpira wa mfuniko uliniponza mwezi wa kumi tangu niinunue. Ulikuwa umekakamaa, ukaanza kuvujisha mvuke kwa pembeni kwa mlio mdogo nisioujali, na maji yakakauka karibu yote kabla saa mbili hazijatimia. Mpira mpya nilitumiwa kwa basi, elfu kumi na nane. Sasa naukagua kila mzunguko, naupaka mafuta kidogo ya kula, na ninao mwingine kabatini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayepanda mifuko ishirini na kuendelea kwa mwezi, inarudisha pesa yake. Kwa wa mifuko mitano au sita, bora umtafute muuza mbegu aliye karibu, uende mwenyewe, na kabla ya kulipa uilaze chupa taratibu mkononi. Kitu kikitiririka, iache.

Shemeji yangu wa Makambako ameshanitumia hela nimwagizie kama hii. Nimemwambia hela yake ipo, aje kwanza Jumamosi na kilo mbili za mtama tuuanike pamoja.