Kunguru mmoja, vikapu vinne: Obstgarten darasani kwangu

Nafundisha chekechea Tanga, watoto wa miaka mitatu hadi sita. Mwaka jana dada yangu alipokuja likizo kutoka Ujerumani aliniletea Obstgarten, mchezo wa kampuni ya HABA uliotoka mwaka 1986. Tangu siku hiyo haupumziki kabatini.

Kwenye ubao wa mchezo kuna miti minne na matunda 40 ya mbao: matufaha, mapea, cheri na plamu. Plamu wanangu waliziita zambarau siku ya kwanza, na zambarau zimebaki. Kila mchezaji ana kikapu chake. Dadu ikionyesha rangi, unachuma tunda la rangi hiyo. Ikionyesha kikapu, unachuma mawili uyatakayo. Ikionyesha kunguru, unaweka kipande kimoja cha picha yake. Vipande ni tisa. Picha ikikamilika kabla matunda hayajaisha mitini, wote mmeshindwa. Mkimuwahi, wote mmeshinda.

Ninaupendea hapo kwenye "wote". Mtoto wa kwetu anajua neno pole tangu anaanza kuongea, lakini darasani mara nyingi hulitamka kwa kuamriwa: "Haya, mwambie mwenzio pole." Wiki ya pili, mvulana mmoja alitokewa na kunguru mara tatu mfululizo, machozi yakamlengalenga. Nikataka kuingilia. Binti aliyeketi mbele yake, mkimya kuliko wote, akaniwahi: "Pole. Hata mimi jana alinitokea, nikaogopa." Sikuwahi kumsikia mtoto yule akisema anaogopa kitu. Niliendelea kukaa pale mkekani, sikuongeza neno.

Kuna jambo la kuangalia: wakubwa hupenda kuwaamuru wadogo wachume mti upi, na mdogo anabaki kurusha dadu tu. Nimeweka sharti kwamba mwenye dadu ndiye anayeamua, wengine wanashauri.

Vikapu ni vinne, kwa hiyo nawapanga wawili wawili, wanane kwa zamu. Kwa darasa letu seti moja haitoshi, hivyo tukatengeneza seti ya pili: vizibo 40 vya soda tulivyopaka rangi, dadu aliyotuchongea fundi seremala, na kunguru niliyemchora kwenye katoni. Nilipochukua mkasi nimkate vile vipande tisa, watoto wakanizuia. Kunguru gani huyu, hana andazi mdomoni? Nikarudi kwenye rangi, nikamchorea.