Saundibaa ya chumbani: duka likikujaribishia kwa simu, ondoka

Naanza na duka, kwa sababu hasira zangu zote zimetokea huko. Unaomba saundibaa, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, ichomekwe kwenye TV uisikie. Kijana anatoa simu mfukoni, anaunganisha blutuzi, anaweka wimbo, anapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, kisha anakutazama kama kazi imeisha. Ukutani TV zimejaa na zote zinawaka. Nikageuza adapta nisome maandishi ya mgongoni. Akaniambia, "Kaka, unanunua au unasoma?"

Ndiyo, nasoma. Na yeye angesoma ingemsaidia. Boksi limeandikwa wati 200 kwa herufi za dhahabu. Adapta imeandikwa volti 18, ampea 2. Zidisha unapata wati 36. Huo ndio umeme wote unaoingia kwenye kifaa, na sehemu yake inaishia kuwa joto kabla ya kufika kwenye spika. Haiwezekani kifaa kipewe 36 halafu kitoe 200 mfululizo. Namba za namna ile ni PMPO, hesabu ya kupamba boksi. Unachotakiwa kuuliza ni RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kutoa mfululizo, na wasipokujibu, soma adapta. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3.5, ambacho kitanda kipo mita mbili hivi kutoka kwenye TV, wati 30 za kweli zinatosha na kubaki. Kwa hiyo 36 hazinisumbui. Kinachoniudhi ni kudanganywa, halafu ukisoma unasemwa.

Kujaribu kwa simu hakuonyeshi kitu. Blutuzi huchelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu moja hadi mbili za kumi za sekunde. Kwenye muziki huwezi kugundua kwa sababu hakuna mdomo wa kufananisha. Kwenye TV unagundua mara moja. Saundibaa ijaribiwe kwa mtu anayezungumza akiwa ametazama kamera: taarifa ya habari, au kikao cha Bunge, ambacho kinafaa kuliko filamu yoyote. Tazama midomo kwenye herufi b, p na m, maana hapo lazima ifunge. "Mheshimiwa", "bajeti", "pembejeo". Kama neno linafika baada ya mdomo kufunguka, hiyo njia haifai kwa TV hata kama wimbo ulipiga vizuri namna gani.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Kipengele cha kurekebisha ucheleweshaji kwenye rimoti ya saundibaa huongeza kuchelewa kwa sauti tu. Kinafaa pale sauti inapotangulia picha. Sauti ikiwa nyuma, hata ukibonyeza mpaka kidole kiumie, hairudi mbele. Suala la blutuzi kwenye TV liishie hapo. Chomeka waya.

Waya wa kutumia ni HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, yaani njia ya TV kurudisha sauti kwenye saundibaa, pande zote mbili. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo hata TV za inchi 32 za bei ya kawaida nyingi zinayo, lakini kwa kawaida ni tundu moja tu kati ya mawili au matatu. King'amuzi kikae kwenye tundu lingine. Hapa ndipo kilinitokea kile kilichonifanya niandike: TV inawaka, saundibaa inawaka yenyewe, kioo chake kidogo kinaandika ARC, na kimya. Hakuna hata mkwaruzo. Jana yake usiku ilikuwa inapiga.

Sababu ni kwamba vifaa hivi viwili husalimiana kupitia mfumo unaoitwa CEC kila vinapowashwa. Salamu ikikatika katikati, TV inarudisha sauti kwenye spika zake au inaipeleka kusikojulikana. Na umeme wetu wa kukatika na kurudi ghafla unaharibu salamu hiyo mara kwa mara. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, kwa sababu hapo kifaa kinalala tu. Chomoa vyote viwili ukutani, acha dakika mbili, chomeka TV kwanza, ngoja iwake mpaka mwisho, ndipo uchomeke saundibaa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV uhakikishe CEC imewashwa. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, wengine wanaandika CEC tu. Halafu kwenye sehemu ya sauti chagua HDMI ARC na uweke PCM, yaani sauti isiyofungwa, usiache Auto.

PCM ndiyo iliyoniponya, na ningetaka iandikwe kwenye boksi badala ya zile wati. Saundibaa nyingi za bei ya chini zina njia mbili tu, kushoto na kulia, na baadhi hazijui kufungua Dolby, mfumo wa kufunga sauti za filamu na vipindi. TV ikiachwa kwenye Auto inaweza kuzipelekea Dolby ikiwa imefungwa, na hapo unapata ukimya au mkwaruzo. Ukiweka PCM, TV inafungua yenyewe na kutuma sauti iliyo tayari. Kwenye saundibaa ya njia mbili hupotezi chochote.

Filamu za kwenye flashi ni kesi nyingine. Ikiwa faili lina sauti ya DTS, mfumo mwingine wa kufunga sauti, na TV yako haina DTS, utaona picha bila sauti, na saundibaa haina kosa hapo. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia za 2018. Tafuta nakala ambayo sauti yake imefungwa kwa AAC au Dolby.

ARC ikikataa kabisa, kimbilia waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga. Toa kile kikofia kidogo cha plastiki angavu kwenye ncha zote mbili, maana watu wanachomeka nacho halafu wanasema tundu limekufa. TV ikiwa imewashwa, ncha ya pili ionyeshe mwanga mwekundu. Tatizo la optiko ni kwamba haipitishi amri za rimoti. Kama saundibaa yako haiwezi kufundishwa rimoti ya TV, utalala na rimoti mbili.

Sasa nikiri kwamba ikishatulia, hii saundibaa inasema. Maneno yanatoka safi, unasikia mpaka mtu anapovuta pumzi kabla ya kujibu, kitu ambacho TV nyembamba haikupi kwa sababu spika zake zimetazama chini au nyuma. Iweke ukingoni kabisa mwa meza, uso wake usawa na ukingo. Ukiisukuma ndani, sauti inagonga meza kwanza ndipo ikufikie. Pima kimo chake pia. Yenye sentimita 7 chini ya TV ya miguu mifupi inaziba jicho la rimoti. Urefu usizidi upana wa TV: ya inchi 32 ina karibu sentimita 72.

Sikutaka yenye sabufa, spika ya besi, ya pembeni na bado sitaki, hata wanisifie vipi. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye vigae na kuta tupu hukuza chenyewe besi ya kama hertzi 57 na 49, kwa sababu ya urefu wa kuta zake. Ukiweka sabufa kwenye kona unaongeza juu ya hapo, sauti za watu zinazama, na aliyepanga chumba cha pili anasikia kila kishindo, hasa zile nyumba ambazo ukuta unaishia kwenye siling bodi na juu yake ni uwazi mmoja wa bati. Chumba chako kikiwa mraba ni balaa zaidi, maana zile besi mbili zinakuwa moja. Pazia nzito na godoro vinapunguza mwangwi wa maneno, lakini besi havigusi.

Nilikuwa tayari kuisifia niishie hapo. Halafu umeme ukakatika ukarudi usiku wa manane, na hii saundibaa ikaamka yenyewe kwenye blutuzi, ikatangaza kwa sauti ya kike, kwa Kiingereza, kwamba iko tayari kuunganishwa. Nyumba nzima macho. Nimepekua rimoti na kitabu chake chote, hakuna pa kuzima hilo tangazo. Dawa ni soketi yenye swichi: ukilala, zima ukutani. Lakini kwa nini mtu atengeneze kitu cha kukaa chumbani kisichojua kunyamaza? Hapo sifa zangu zote nazirudisha nusu.

Na waya. Ubavuni mwa boksi kumechorwa saundibaa, rimoti, adapta na waya wa HDMI. Ndani kuna waya wa AUX, ule mwembamba wa sauti wa tundu la hedifoni. Nimerudi dukani na risiti ya EFD mkononi, nikaambiwa picha ni ya matangazo tu. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mchoro wa boksi ni maelezo ya bidhaa sawasawa na maandishi. Waya ninao mwingine, mita moja na nusu, unafanya kazi bila shida. Ila ule wa kwenye boksi nimeshaulipia, na nitarudi kuudai.